Kupima Asidi za Mafuta kwa Elektroforesisi ya Kapilari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Molekuli ya asidi ya mafuta ina ncha mbili zisizopatana. Kichwa chake ni kundi la kaboksili, ambalo likipoteza protoni hubaki na chaji hasi na kuyapenda maji, ilhali mkia wake ni mnyororo wa kaboni unaoyakwepa maji hayohayo. Elektroforesisi ya kapilari hutumia kichwa: huiweka molekuli katika uwanja wa umeme na kuiacha isafiri kwa kadiri ya chaji na ukubwa wake. Mkia ndio unaoleta shida, na baada ya kuifanya kazi hii kwa miaka kadhaa nimeona wazi kwamba vipimo vingi vinavyoharibika haviharibiwi na mashine, bali na asidi zilizoganda, zilizojikusanya au zilizonata ukutani kabla umeme haujawashwa. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH na kujaza kapilari) na sampuli, na kupita haraka kwenye vitufe vya mashine.

Njia hii inafaa lini

Kromatografia ya gesi bado ndiyo chaguo bora pale unapotaka kutenganisha isomeri nyingi za trans (asidi zenye atomi zilezile lakini zenye mkia ulionyooka kwenye kifungo maradufu) moja baada ya nyingine, kazi ambayo kwa kawaida huhitaji safu, yaani mrija wa kutenganishia, yenye urefu wa mita 100. Hata hivyo, inadai kwanza asidi zigeuzwe kuwa esta za methili. Elektroforesisi haidai hatua hiyo, hutumia mililita chache tu za bafa kwa siku nzima, na kwa asidi kuu za mafuta ya mimea au ya wanyama inaweza kumaliza kipimo kimoja ndani ya robo saa. Udhaifu wake ni kwamba mwanga wa kigunduzi hupenya unene wa mikromita 50 au 75 tu, kwa hiyo kilichomo kwa kiasi kidogo sana hakionekani. Ikiwa lengo lako ni kujua uwiano wa asidi ya palmitiki, steariki, oleiki, linoleiki na linoleniki, au kupima asidi ya elaidiki katika mafuta yaliyotiwa hidrojeni, njia hii itakutosheleza.

Jambo moja lazima lieleweke mapema. Mafuta mengi ya kawaida ni trigliseridi, na trigliseridi haina chaji. Ukiiingiza kama ilivyo itasukumwa pamoja na kila kitu kingine kisicho na chaji, na hutajua lolote kuihusu. Sharti kwanza uivunje kwa kuisabunisha, yaani kuipasha moto pamoja na alkali, ili upate asidi zilizo huru.

Kinachotokea ndani ya kapilari

Kapilari ni mrija wa silika uliofunikwa kwa nje na poliimidi ya rangi ya kahawia. Ukuta wake wa ndani, ukigusana na bafa yenye pH ya 7, huwa na chaji hasi, na tabaka la ioni chanya lililo karibu na ukuta huo huvutwa na umeme kuelekea katodi (ncha hasi), likiburuta kimiminika chote kilichomo. Huo ndio mtiririko wa elektroosmosi. Asidi za mafuta, kwa kuwa na chaji hasi, zinataka kwenda anodi (ncha chanya), yaani kinyume na mtiririko, lakini mtiririko una nguvu zaidi na huzifikisha zote kwenye kigunduzi kilicho upande wa katodi. Asidi yenye mnyororo mrefu hushindana na mtiririko kwa udhaifu, hivyo hutangulia kufika. Yenye mnyororo mfupi hushindana kwa nguvu na kuchelewa. Asidi ya steariki itaonekana kabla ya asidi ya lauriki, jambo linalowashangaza waliozoea kromatografia ya gesi, ambako fupi ndiyo hutangulia.

Asidi zilizoshiba karibu hazifyonzi kabisa mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo tunazigundua kwa njia ya kinyume. Bafa hutiwa ioni inayofyonza mwanga, na pale asidi ya mafuta inapopita husukuma pembeni sehemu ya ioni hiyo, mwanga mwingi zaidi hupenya, na mstari wa kigunduzi hushuka. Programu huupindua mchoro ili mabonde yawe vilele. Ioni hiyo lazima isafiri kwa kasi inayokaribiana na ya asidi unazopima, la sivyo vilele huegemea upande mmoja na kuwa kama pembetatu. Kwa minyororo mirefu, dodesilibenzinisulfoneti ya sodiamu, ambayo maabara huiita SDBS, hufanya kazi vizuri kwa sababu nayo ina mkia mrefu na kichwa chenye chaji hasi kama asidi zenyewe.

Hatua ya kwanza: vyombo na maji

Tumia maji yaliyoondolewa ioni hadi ukinzani wa megaohmu-sentimita 18.2. Hili si pambo. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo katika maji ya bomba huungana na asidi za mafuta kuwa sabuni isiyoyeyuka, ile ileile inayoacha utando mweupe kwenye beseni, na kiasi kidogo cha mashapo hayo kinatosha kuziba mrija wenye kipenyo cha mikromita 75.

Vyombo viwe vya kioo, vioshwe kwa methanoli mwishoni, na visiguswe kwa mikono mitupu upande wa ndani. Asidi ya palmitiki na asidi ya steariki zimo katika jasho la vidole, katika mabaki ya sabuni, na katika plastiki nyingi ambazo viwandani hupakwa steareti ili zisinate kwenye kalibu. Daima andaa sampuli tupu, yaani ipitishe katika hatua zote bila kuweka mafuta ndani yake, kisha ipime kama nyingine. Niliwahi kuripoti steariki ndogo lakini ya uhakika katika mafuta ambayo hayakupaswa kuwa nayo kwa kiwango hicho, na baada ya siku tatu za kuhangaika nikagundua kwamba ilitoka kwenye ncha za pipeti. Tangu hapo hakuna siku niliyofanya kazi bila sampuli tupu.

Hatua ya pili: bafa

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kushindwa. Mchanganyiko ufuatao ni mwanzo mzuri kwa asidi zenye kaboni 12 hadi 20: fosfati ya sodiamu milimoli 15 kwa lita yenye pH ya karibu 7, SDBS milimoli 4 kwa lita, Brij 35 milimoli 10 kwa lita, oktanoli asilimia 2 kwa ujazo, na asetonitrili asilimia 45 kwa ujazo. Kila kimoja kina wajibu wake. Fosfati hushikilia pH, ambayo inapaswa kuwa juu kuliko ile ya karibu 5 ambapo, kwa mujibu wa vitabu, nusu ya asidi hizi huwa zimepoteza protoni, kwa sababu kuwepo kwa asetonitrili hufanya asidi ya kaboksili iwe dhaifu zaidi na ishikilie protoni yake. Asetonitrili huzuia minyororo mirefu isijikusanye kuwa miseli, yaani vifungu vidogo vyenye mikia ndani na vichwa nje. Brij 35, aina ya sabuni ambayo haina chaji, huipokea mikia na kuiachia mara kwa mara, na kwa kuwa mkia wenye vifungo maradufu hushikwa kwa ulegevu kuliko mkia ulionyooka, asidi zenye idadi sawa ya kaboni hutengana. Oktanoli hurekebisha utengano wa jozi zile zinazokaribiana mno.

Ili kupata mililita 100, pima gramu 1.2 za Brij 35, ambayo hufanana na nta nyeupe, na uiyeyushe katika takriban mililita 30 za maji ya uvuguvugu huku ukikoroga taratibu ili isitoe povu. Ongeza miligramu 139 za SDBS, kisha fosfati kutoka kwenye myeyusho mzito ulioandaliwa na kurekebishwa pH mapema. Usipime pH baada ya kutia asetonitrili na kuiamini namba unayoiona, kwa kuwa elektrodi iliyosawazishwa kwa bafa za maji haisomi sawasawa katika mchanganyiko huo. Tia mililita 45 za asetonitrili, kisha mililita 2 za oktanoli, kwa mpangilio huo, maana oktanoli ikitangulia huelea juu kama matone na hukataa kuchanganyika. Utaona chupa imekuwa baridi mkononi: maji na asetonitrili hunyonya joto vinapochanganyika. Isubiri irudi kwenye joto la chumba kabla ya kuongeza maji hadi kwenye alama, la sivyo ujazo utakuwa na kosa. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45 kinachostahimili viyeyusho vya ogania.

Shikilia bafa juu ya karatasi nyeusi na uitazame kwa mwanga wa pembeni. Ikiwa na ukungu, hata kidogo, itupe. Aidha, SDBS ya kawaida huuzwa kama mchanganyiko wa isomeri, kwa hiyo andika namba ya toleo la chupa na usibadilishe chupa katikati ya mfululizo wa vipimo bila kusawazisha upya.

Hatua ya tatu: sampuli

Ikiwa unaanza na tishu au chakula kizima, toa lipidi kwanza kwa klorofomu na methanoli, kwa utaratibu wa Folch wa mwaka 1957 au wa Bligh na Dyer wa mwaka 1959, ukifanya kazi ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza mvuke na ukiwa umevaa glavu zinazozuia viyeyusho. Asidi zenye vifungo maradufu vingi huoza kwa oksijeni, hivyo fukuza kiyeyusho kwa mkondo wa nitrojeni na uhifadhi lipidi kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri au baridi zaidi.

Kwa mafuta yaliyo tayari, pima miligramu 50 katika mrija wa kioo wenye kifuniko cha kubana. Ongeza mililita 2 za hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.5 kwa lita iliyoyeyushwa katika methanoli yenye maji kidogo, funga vizuri, na upashe moto kwenye nyuzijoto 75 hadi 80 kwa dakika 25 huku ukitikisa mara kwa mara. Methanoli huchemka kwenye nyuzijoto 65, kwa hiyo kifuniko kisichobana kitaiachia yote itoroke, nacho kikibana lazima kipoe kabisa kabla hujakifungua. Maji yale kidogo yana maana yake: methanoli kavu pamoja na alkali hutengeneza esta za methili badala ya sabuni, na esta hizo, kwa kuwa hazina chaji, hujificha ndani ya bonde la mtiririko wa elektroosmosi (alama inayoachwa na vitu visivyo na chaji vinavyobebwa na mtiririko tu) bila kukuambia kwamba zipo. Mara ya kwanza unapofanya kazi na aina mpya ya mafuta, rudia kwa dakika 40. Ikiwa vilele havijaongezeka, dakika 25 zilitosha.

Ikishapoa, fikisha ujazo hadi mililita 10 kwa methanoli. Chukua mililita 1 ya myeyusho huo, ongeza mililita 1 ya kilinganishi cha ndani (asidi ya kiasi kinachojulikana ambayo nyingine hulinganishwa nayo), na ufikishe mililita 10 kwa methanoli. Kilinganishi kinachofaa ni asidi ya tridekanoiki, yenye kaboni 13, kwa sababu mafuta mengi ya asili hayana kiasi cha maana cha asidi hiyo. Ukiyeyusha miligramu 107 katika mililita 100 za methanoli utapata milimoli 5 kwa lita, na baada ya kuzimua itabaki milimoli 0.5 kwa lita katika kila sampuli.

Hatua ya nne: kuandaa kapilari

Kata kapilari yenye kipenyo cha ndani cha mikromita 75 na urefu wa jumla wa sentimita 48.5, dirisha la kigunduzi likiwa sentimita 40 kutoka mwanzo. Tazama ncha zote mbili kwa lenzi ya kukuza. Poliimidi huvimba inapokaa ndani ya asetonitrili, na nimeshuhudia ncha iliyokuwa safi asubuhi ikiwa jioni imeota mdomo laini wa kahawia uliokunjamana na kufunika nusu ya tundu. Unguza milimita 1 au 2 za poliimidi kwenye kila ncha kwa moto mdogo, kisha futa masizi kwa kitambaa chenye methanoli. Silika iliyobaki uchi huvunjika kwa urahisi sana, kwa hiyo iingize kwenye mashine kwa uangalifu.

Kapilari mpya ipitishwe hidroksidi ya sodiamu ya moli 1 kwa lita kwa dakika 30, kisha maji kwa dakika 30, kisha bafa kwa dakika 20. Kati ya sampuli moja na nyingine, methanoli kwa dakika 2, hidroksidi ya moli 0.2 kwa lita kwa dakika 2, maji kwa dakika 2 na bafa kwa dakika 3 hutosha kuondoa lipidi zilizonata ukutani. Usiruke methanoli, na usiruke maji yanayofuata alkali.

Hatua ya tano: kuendesha kipimo

Weka kigunduzi kwenye nanomita 224, joto la kapilari nyuzijoto 25, na volteji chanya ya kilovolti 19. Kabla ya kuamua kubaki na volteji hiyo, ipandishe hatua kwa hatua kutoka kilovolti 5 na uandike mkondo wa umeme kila hatua. Maadamu mchoro wa mkondo dhidi ya volteji umenyooka, joto linaondolewa ipasavyo. Unapoanza kupinda kwenda juu, kapilari inachemka ndani kuliko unavyoambiwa na kipimajoto cha mashine.

Ingiza sampuli kwa mgandamizo wa milibari 12.5 kwa sekunde 5. Hiyo ni takriban nanolita 11 katika kapilari inayobeba nanolita 2,140, yaani kipande chenye urefu wa milimita mbili na nusu hivi. Ukizidisha mara tatu au nne kwa tamaa ya kupata vilele vikubwa, oleiki na palmitiki ndizo zitakazoungana kwanza, kwa kuwa kifungo maradufu kimoja hupunguza mshiko wa mkia karibu sawa na kuondoa kaboni mbili, na hivyo asidi yenye kaboni 18 na kifungo kimoja hufanana sana na iliyoshiba yenye kaboni 16.

Hakikisha bafa imefika kimo kimoja katika vichupa vya pande zote mbili, kwani tofauti ya milimita chache husababisha kimiminika kujivuta chenyewe. Badilisha bafa baada ya vipimo vitano au sita: umeme huichanganua polepole, na asetonitrili huvukia hata kupitia tundu dogo la kifuniko. Mkondo ukianguka ghafla hadi karibu na sifuri, kuna kiputo cha hewa au mashapo. Simamisha kipimo, suuza kwa mgandamizo, na uangalie kama sampuli ina ukungu. Mkondo ukishuka kidogokidogo kutoka kipimo hadi kipimo, chunguza kwanza ncha za kapilari.

Hatua ya sita: kusoma mchoro

Usitambue kilele kwa muda wake peke yake, kwa sababu mtiririko wa elektroosmosi hubadilika kidogo kila ukuta unaposafishwa, na muda wa vilele vyote huhama pamoja nao. Tumia kasi ya kielektroforesisi, ambayo huondoa mabadiliko hayo. Zidisha urefu hadi kigunduzi kwa urefu wa jumla, kisha gawanya kwa zao la volteji na muda. Tuseme bonde la mtiririko limetokea sekunde ya 340 na kilele chako sekunde ya 638. Kwa kapilari yetu, 40 mara 48.5 ni 1,940; ukigawanya kwa 19,000 mara 340 unapata 3.00 × 10⁻⁴, na kwa 19,000 mara 638 unapata 1.60 × 10⁻⁴, zote kwa sentimita za mraba kwa volti kwa sekunde. Tofauti yake, −1.40 × 10⁻⁴, ndiyo sifa ya asidi hiyo katika bafa hiyo, na inapaswa kurudi ileile kesho. Palipo na shaka, ongeza kiasi kidogo cha asidi halisi kwenye sampuli na upime tena: kilele kikikua bila kupasuka begani, umeitambua.

Kwa upande wa kiasi, kila eneo la kilele ligawanywe kwanza kwa muda wa kilele hicho. Kilichochelewa hupita mbele ya dirisha polepole, na hivyo huchorwa kipana kuliko kinavyostahili. Asiyefanya marekebisho haya huzipendelea asidi fupi bila kujua. Kisha tafuta uwiano wa kila asidi na kilinganishi cha ndani. Kwa mfano, myeyusho wenye oleiki milimoli 0.50 na tridekanoiki milimoli 0.50 kwa lita ukitoa uwiano wa 0.92, hicho ndicho kipeo cha mwitikio. Sampuli ikitoa 1.38, kiasi cha oleiki ni 1.38 mara 0.50 gawanya kwa 0.92, yaani milimoli 0.75 kwa lita. Kabla ya kuzimuliwa mara kumi ilikuwa 7.5, na katika mililita 10 hiyo ni milimoli 0.075, sawa na miligramu 21.2 kwa uzito wa molekuli wa 282.5. Katika miligramu 50 za mafuta, oleiki ni asilimia 42. Usitegemee nukta moja: sawazisha kwa viwango visivyopungua vitano, na usiripoti kiasi ambacho kilele chake hakifiki mara 10 ya mtikisiko wa mstari wa msingi.

Lipidi nyingine

Asidi fupi, kama vile asetiki, propioniki na butiriki, huyeyuka majini bila msaada, lakini huenda mbio sana kuelekea anodi. Kwa hizo, geuza mwelekeo wa mtiririko kwa kutia bafani kiamilishi (kitu cha jamii ya sabuni) chenye chaji chanya kama CTAB, geuza pia volteji iwe hasi, na tumia ioni yenye kasi zaidi, kwa mfano benzoeti, badala ya SDBS.

Fosfolipidi zinadai fikra tofauti. Fosfatidilikolini ina chaji chanya na hasi kwa pamoja, hivyo kwa pH ya kawaida jumla yake ni sifuri, ilhali fosfatidilserini na fosfatidilinositoli hubaki na chaji hasi. Zinaweza kutenganishwa kwa miseli za chumvi za nyongo, au katika bafa isiyo na maji ya methanoli na asetonitrili yenye asetati ya amonia. Hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza ikiwa una spektrometa ya masi (mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake), kwa sababu vilivyomo vyote huvukia. Bafa ya SDBS, Brij na fosfati isipelekwe kamwe kwenye spektrometa hiyo. Haivukii, na itaichafua kwa muda mrefu.

Mwisho wa siku

Suuza kapilari kwa methanoli dakika 10, kisha maji dakika 10, na kama hutaitumia kwa zaidi ya siku mbili ipulize hewa safi hadi ikauke. Ikikaa usiku kucha na bafa ndani yake, asetonitrili huvukia kwenye ncha, Brij na fosfati huganda pale pale, na asubuhi utaikuta imeziba. Iliyoziba namna hiyo wakati mwingine huzibuliwa kwa maji ya uvuguvugu yakisukumwa kutoka upande wa kigunduzi. Ikikataa, kata milimita 5 kutoka ncha ya mwanzo, pima urefu upya, na uandike urefu huo mpya katika daftari kabla ya kukokotoa kasi yoyote.